Kazi Yangu Ilikuwa Kusubiri "Ila"

Sindano iliingia, moto ukashuka. Maumivu ya sindano nayajua, nimezaa watoto wanne, haya hayakuwa hayo. Moto ulianzia takoni, ukapita nyuma ya paja, ukazunguka goti, ukatokea kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia kana kwamba mtu amechomeka waya wa umeme. Nikapiga yowe. Kijana aliyenichoma akasema, "Tulia mama, dawa hiyo inafanya kazi." Ukutani mbele yangu, ndani ya Zahanati ya Tulizo, palikuwa na bango la ofisi yetu wenyewe, na nyota tano za njano zimejipanga juu yake.

Nikateremka kitandani. Mguu wa kushoto ukakanyaga sakafu vizuri. Wa kulia nikauambia unyanyuke, ukakataa. Vidole vikaning'inia, kandambili ikabaki pale pale chini ya kitanda. Binti yangu Zuhura, aliyenileta na homa yangu, akaniuliza, "Mama, mbona unaburuta?" Nikamwambia ni ganzi, itaachia. Haikuachia. Mpaka leo naburuta.

Nimeanza na hapo kwa sababu najua wengine husoma mwanzo tu wakaacha. Aliyebaki na anisikilize vizuri, maana hii ni habari ya kazi niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya, na ya watu walioiharibu. Nitawataja. Mimi naitwa Mwanahawa, Kariakoo wananiita Bi Hawa, shule niliishia darasa la nne. Ninyi vijana mnaotafuta daktari kwa kidole kwenye simu, jueni kwamba nyuma ya kile kioo kulikuwa na watu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Siku ya kwanza kazini nilifika na beseni kichwani. Nilikuwa mchuuzi wa vyombo vya plastiki, napanga mzigo wangu kwenye baraza la duka la jumla la Mchaga mmoja karibu na Mtaa wa Kongo, tunamwita Mangi kama wanavyoitwa wote. Mangi akaniambia, "Mama Vyombo, mpwa wangu anatafuta mtu anayejua kuongea na watu. Nimemwambia yupo mmoja, anaziba mlango wangu kila siku." Sikumwamini, ndiyo maana nikaenda na bidhaa zangu, nikasema kazi ikiwa ya uongo nitauzia hata hao hao wa ofisini.

Ofisi ilikuwa ghorofani, ukichungulia dirishani unaona mapaa ya soko. Mpwa wa Mangi ndiye alikuwa Mkurugenzi, Editha Mmanyi, msichana mwembamba anayeongea haraka. Akasimama kunipokea.

"Shikamoo, Bi Hawa."

"Marahaba. Haya, kazi gani?"

"Kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Mtu akitoka kutibiwa, unamuuliza huduma ilikuwaje, unamrekodi sauti kwenye simu. Basi."

"Na kwa hilo mnalipa?"

"Tunalipa."

"Mna wazimu," nikamwambia, akacheka, nikatua beseni.

Akanieleza programu yao, Ulizia Tiba. Una mtoto anaharisha, unaumwa jino, una ujauzito, unaifungua kwenye simu, unaandika shida yako na mtaa uliopo. Inakuletea zahanati, maabara na maduka ya dawa yaliyo karibu, kila moja na nyota zake. Nyota nyingi, pazuri. Chini ya nyota inaonyesha kama daktari ana leseni, kama bei zimebandikwa ukutani, na watu wanakaa foleni kiasi gani. Na kwa asiyesoma kulikuwa na alama ya spika. Unaibonyeza, unamsikia mgonjwa mwenyewe anaongea, kwa sauti yake, habari ya pale alipotibiwa. Nakwambia nywele zilinisimama. Maisha yangu yote nilikuwa nachagua hospitali kwa kuangalia kama ukuta umepakwa rangi.

Nikaingia sokoni siku ile ile. Nikarekodi kuli, nikarekodi wauza vitunguu, nikarekodi mama wa bamia kule Shimoni, chini kabisa ya soko. Nikarudi kifua mbele. Mkurugenzi akavaa spika za masikioni, akasikiliza, akasikiliza, akazivua.

"Bi Hawa, mbona wote wanasema nzuri?"

"Ndivyo walivyosema."

"Wote? Mji mzima unatibiwa vizuri?"

Kisha akazivaa tena, akafika kwa mama wa bamia. Mimi pale nilidhani nimezima simu, kumbe niliitumbukiza kwenye pochi inaendelea kurekodi. Mama wa bamia alisema kama wenzake, "Nzuri, namshukuru Mungu." Nikaaga. Ndipo akanishika mkono akasema, "Ila shoga, wee acha tu. Walinipa majibu ya mtu mwingine. Wiki nzima nimemeza dawa za presha, na presha mimi sina. Nilianguka hapa hapa kwenye bamia."

Mkurugenzi akasimama kwenye kiti. "Hii ndiyo," akasema. "Hii ndiyo kazi."

Mimi nikamwambia, dada, hilo halina ajabu, wewe umekaa sana vyuoni. Mtu wa hapa ukimuuliza habari za nyumbani atakwambia nzuri. Watoto? Wazima. Ila mkubwa tumemzika juzi. Hakudanganyi. Anaanza na shukrani, anamtanguliza Mungu, anakupa nafasi ya kuondoka kama huna haja ya kusikia. Ukibaki, anakupa lililopo. Nzuri ni mlango tu, nyumba yenyewe inaanzia kwenye ila.

Toka siku hiyo kazi yangu ikapata jina. Tukaiita kusubiri ila. Nikawafundisha wakusanyaji wengine walioajiriwa baada yangu. Ukishauliza, nyamaza. Usikohoe, usitikise kichwa kwa haraka, usiangalie simu yako. Mtu akisema nzuri, mwambie alhamdulillahi au asifiwe Bwana, kulingana na aliyekuja mbele yako, kisha panga kanga yako, tazama pembeni kama mtu asiye na pa kwenda. Ila inakuja yenyewe.

Jamani, ilikuwa raha. Kituo kimoja cha afya, akina mama walisema nzuri, mtoto mzima, ila tulijifungua dirisha halina pazia, walinzi wanatuona. Sauti zao tatu zikaingia kwenye Ulizia Tiba asubuhi, wajawazito wa Ilala nzima wakazisikia, wakaanza kwenda kwingine. Haikupita muda mrefu, Mganga Mfawidhi wa pale, yaani bosi wa kituo, akanitafuta sokoni mwenyewe.

"Wewe ndiye mama wa ila?"

"Ndiyo mimi, dokta."

"Njoo uangalie madirisha yangu."

Nikaenda. Mapazia mapya, ya maua, yamepigwa pasi. Nikawarekodi akina mama wengine wakasema nzuri, nikasubiri, nikasubiri sana, hakuna kilichofuata. Yule mganga alikuwa amesimama nje ya mlango anahema kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nilipomwambia hakuna ila, alinikumbatia mbele ya manesi wake.

Tulikosea pia, tukajifunza. Kulikuwa na Alhaji mmoja wa Gerezani, mtu mzito, muuza mabati. Alitibiwa bawasiri, akanieleza kwa kirefu jinsi walivyomwinamisha mlango uko wazi. Tukaiweka sauti yake kama ilivyo. Kesho yake vijana wa maguta, zile baiskeli za mizigo, wanamsalimia, "Alhaji shikamoo, mlango wamefunga?" Mtaa mzima unamjua kwa sauti. Alinijia na bakora. Ikabidi tuweke utaratibu kwamba magonjwa ya aibu mkusanyaji anayasema upya kwa sauti yake mwenyewe. Kwa hiyo mimi nimeugua kila kitu kwenye simu za watu. Nimeugua bawasiri, kaswende, hata tezi dume. Mangi alikuwa ananizomea barazani, "Mama Vyombo, leo unaumwa nini?"

Baadaye Mkurugenzi akanihamishia Feri. Kwenye soko la samaki watu hawana muda. Wakaanga samaki wanaungua mafuta kila siku, ukimuuliza anasema "freshi tu" huku anageuza kibua. Nikahamia upande wa pili, Magogoni, kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Kigamboni. Hapo niligundua jambo ambalo bado linanisisimua. Mtu akiwa anasubiri pantoni atakwambia nzuri, namshukuru Mungu, na atanyamaza hata ukisubiri vipi. Lakini pantoni ikishaonekana inageuka kuja gatini, akishajua anaondoka na hatakuona tena, ila inatoka yote kwa mkupuo. Nilikuwa nauliza mapema, nakaa kimya, naiangalia pantoni. Ikikaribia, nabonyeza. Sauti nzuri kuliko zote za Ulizia Tiba zina mlio wa injini nyuma yake.

Na watu walizitumia, nisiwafiche. Niliwaona kwa macho yangu kwenye vibanda vya kusajili laini, mama na mtoto mgongoni, simu sikioni, anasikiliza mtu wa Mchikichini anasema nenda pale kwa homa lakini kwa kifafa usiende. Anazima, anageuza njia. Hakuwa na cheti wala ndugu daktari. Alikuwa na sauti ya mwenzake aliyetangulia. Nilikuwa narudi nyumbani sijisikii kuchoka.

Kisha akaja Meneja wa Mfumo. Mfumo ni ile mashine ya ndani inayopokea sauti na kuzigeuza nyota. Jina lake Hashim Makame, mtoto wa hapa hapa mjini, amekulia Gerezani, mama yake nilimuuzia ndoo. Hili ndilo linaloniuma. Angekuwa mgeni ningesema hajui. Huyu amezaliwa anaulizwa habari na kujibu nzuri hata mafuriko ya Jangwani yakiwa yameingia mpaka kitandani.

Aliita kikao. Akasema sauti ni ndefu mno, mtumiaji hana muda, na wakusanyaji wanachelewesha kazi. Kuanzia sasa mgonjwa atapigiwa simu na mashine. Mashine itauliza, itasikiliza jibu kwa muda mfupi, itakata. Akisikika nzuri, nyota zinapanda. Akisikika mbaya, zinashuka. Alama ya spika itaondolewa.

Nikanyoosha mkono. "Mwanangu Hashim, Kariakoo nani anasema mbaya?"

"Bi Hawa, mtu akiwa ameumizwa atasema."

"Atasema. Baada ya nzuri."

"Basi tutawaelekeza waseme kwa kifupi."

"Hiyo mashine inaanzaje kuongea?"

Akatusikilizisha sauti yenyewe kwenye kompyuta, msichana mwenye sauti laini. "Habari yako, mpendwa. Huduma uliyopata ilikuwaje?" Wakusanyaji tukaangaliana. Nikamwambia, hapo umeuliza mambo mawili, na la kwanza ni salamu. Mtu atajibu salamu, mashine itachukua salamu yake iifanye nyota. Toa hiyo habari yako, uliza moja kwa moja.

Hashim akanitazama kama nimemtukana mamaye. "Tumpigie mtu simu, tusimsalimie? Bi Hawa, hiyo si adabu. Watakata."

Mnaona alivyokuwa? Adabu ya kusalimia aliijua, akaikumbatia. Adabu ya kusubiri jibu akaitupa. Mkurugenzi Editha alikuwepo. Nilimtazama yeye, yule aliyesimama kwenye kiti kwa ajili ya mama wa bamia. Akaangalia meza, akasema, "Tujaribu, Bi Hawa. Tukiona haifai tutarekebisha." Zahanati zilikuwa zimeanza kuitwa washirika, zinalipia kubandikiwa mabango yetu, na washirika hawapendi ila. Hilo hakulisema, lakini hata Mangi asiyejua kompyuta alilielewa.

Wakusanyaji wakaachishwa kazi. Mimi nikabakishwa ofisini, kwenye dawati la simu, kazi yangu kuwapigia watu kuwakumbusha wapokee simu ya mashine. Cheo kikawa Afisa Mawasiliano. Nikawa na kiti kinachozunguka na sina cha kusubiri. Niliwahi kusikiliza mashine ikimhoji mzee mmoja. "Habari yako, mpendwa," ikasema. Mzee akasema, "Nzuri mwanangu, habari za huko? Watoto hawajambo? Mimi sasa," ikakata. Nyota tano. Nikamwita Hashim aje asikie. Akasema huo ni mmoja, data inaangaliwa kwa wingi wake.

Katika hali hiyo ndipo homa yangu ikanikuta. Nilikuwa natetemeka, siwezi hata kushika simu. Zuhura akafungua Ulizia Tiba, akaona Tulizo, iko nyuma ya soko, nyota tano. Mengine mmeshayasoma.

Hospitali kubwa nilikopelekwa baadaye waliniambia sindano ilipita pasipo pake. Tako lina robo nne, na sindano inakaa robo ya juu, upande wa nje. Ikiingia kwingine inaweza kuukuta mshipa mkubwa wa fahamu unaoendesha mguu. Kijana aliyenichoma, nilikuja kujua, alikuwa mpokezi wa pale, mtu wa kuandika majina mlangoni. Mmiliki, Dokta Lyoba, ndiye aliyemwambia anichome. Wakanianzisha mazoezi ya viungo, wenyewe wanaita fiziotherapia. Wananifunga kamba kwenye wayo, naunyanyua mguu, haunyanyuki, narudia.

Nje ya chumba cha mazoezi kuna benchi. Siku moja nimekaa, upande huu mwanamume wa makamo, upande ule mama mnene mwenye kikapu. Jina la yule baba likaitwa, akainuka, akaburuta. Mguu wa kulia, vidole chini, nyonga inapanda juu kuunyanyua. Kama ananiigiza. Alipotoka nikamuuliza, "Kaka, umepatwa na nini?"

"Sindano tu, dada. Namshukuru Mungu, si vibaya."

Nikapanga kanga yangu. Nikatazama pembeni.

"Ila nilichomewa kwenye zahanati moja nyuma ya soko," akasema.

"Tulizo?"

Akageuka. Yule mama mwenye kikapu naye akageuka, akasema, "Tulizo na mimi." Tukatazamana miguu. Wa kwangu kulia, wa baba kulia, wa mama kushoto. Baba akasema, "Basi tukisimama pamoja tunapata mtu mmoja mzima na nusu," tukacheka, haki ya Mungu tulicheka mpaka fundi wa mazoezi akachungulia.

Yule baba anaitwa Chande, mpakia mizigo. Yule mama tunamwita Mama Upendo, mkaanga maandazi wa Buguruni. Nikawauliza kama walipigiwa simu na Ulizia Tiba baada ya kutoka pale.

"Nilipigiwa," Chande akasema. "Kidada kimoja kina adabu sana, kikanisalimia."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nzuri. Nilipotaka kueleza mguu, ikakata. Nikajua mtandao."

"Na wewe, Mama Upendo?"

"Mimi ilikata vilevile. Lakini mimi si mtu wa kukatiwa. Nikapanda ngazi mpaka ofisini kwenu na mguu wangu huu."

"Ofisini kwetu?"

"Kwa kijana mmoja nadhifu, Hashim. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Akaniletea maji ya chupa. Akasema pole sana mama, maoni yako tumeyapokea. Mkuu wake, dada mwembamba, alikuwa kasimama mlangoni anasikia."

Nikamuuliza ilikuwa lini. Ilikuwa kabla ya Ramadhani. Mimi nilichomwa baada ya Idi. Siku aliyopanda zile ngazi nilikuwa Kilwa msibani, kiti changu kinachozunguka kiko tupu.

Nilisikia moto kuliko ule wa sindano, nawaambia kweli. Tena haukuwa wa huzuni. Nilijisikia niko hai. Nilikuwa na kazi tena, watu wawili wamenipa ila zao, na ya tatu ninayo mwenyewe.

Nikaenda ofisini kwa bajaji, nikapanda zile ngazi kwa makalio karibu nusu ya safari. Hashim alikuwa mezani kwake. Akainuka, akanivutia kiti.

"Shikamoo, Bi Hawa. Habari za kuumwa? Unaendeleaje?"

Na mimi nikasema, "Nzuri, namshukuru Mungu."

Ilitoka yenyewe. Nimekaa pale mguu unaning'inia, nimekuja kugombana, na nimesema nzuri. Nikaona uso wa Hashim unalegea, mabega yanashuka. Alishaanza kukaa. Huyo ndiye Meneja wa Mfumo, mashine nzima ya Ulizia Tiba niliiona imekaa mbele yangu na tai shingoni.

"Usikae," nikamwambia. "Sijamaliza. Nzuri, ila mguu umekufa. Na wa Chande umekufa. Na wa Mama Upendo umekufa, na alikuja hapa akakwambia kabla wangu haujafa, ukampa maji. Ukafanya nini baada ya maji?"

"Bi Hawa, malalamiko ya mtu mmoja mfumo hauwezi..."

"Sikuulizi mfumo. Nakuuliza wewe."

Mkurugenzi akatoka chumbani kwake. Nilimtegemea yeye. Akaniambia amehuzunika, ataunda utaratibu, na kwamba Tulizo ni mshirika, hawawezi kumtoa mshirika bila kikao. Nikamwambia, "Editha, mpwa wa Mangi, mimi nilikuja hapa na beseni kichwani ukanipa kazi ya kusubiri. Mapazia ya wodi ya wazazi yalitundikwa kwa kazi ile. Leo kijana wa mlangoni anachoma watu sindano, juu yake kuna nyota zako tano, na unaniambia kikao?" Akalia. Mimi sikulia. Nilimsubiri amalize kulia nisikie kinachofuata. Hakikufuata kitu.

Wakanistaafisha kwa ajili ya mguu. Ndivyo barua ilivyosema, afya haimruhusu. Mangi amenirudishia baraza, sasa nauza nimekaa. Zahanati ya Tulizo bado iko wazi, na nilipomwambia Zuhura aifungue kwenye simu hivi karibuni, nyota zilikuwa zile zile. Malalamiko yetu watatu tumeyapeleka panapohusika, tumeambiwa tusubiri, na kusubiri tunakuweza.

Vijana, sisemi mtupe simu. Mtu anayewaambia mrudi kwenye kuchagua hospitali kwa rangi ya ukuta ni adui yenu. Ile programu ilikuwa nzuri, niliiona ikiokoa watu, na inaweza kuokoa tena kesho asubuhi wakirudisha binadamu kwenye masikio yake. Ukiona nyota, uliza nani aliziweka, na alipewa muda gani wa kuongea. Kama kuna maneno ya wagonjwa, pita yale ya juu, shuka chini kwa walioandika kirefu. Kama hakuna maneno kabisa, tafuta mtu aliyetibiwa pale, mkae. Kabla hujalala kwenye kitanda, muulize anayeshika sindano jina lake na alisomea wapi. Akikasirika, vaa viatu vyako uondoke.

Hayo ni ya kwenu. Haya yafuatayo ni ya watu watatu.

Dokta Lyoba, nani alimpa mpokezi wako sindano, na mpaka leo nani anachoma pale kwako? Hashim Makame, siku Mama Upendo alipotoka mlangoni kwako anaburuta mguu, ulibonyeza nini kwenye kompyuta yako, au hukubonyeza kitu? Editha Mmanyi, ulimsikia, ulikuwa umesimama mlangoni. Kati ya siku ile na siku yangu kulikuwa na Ramadhani nzima ya kuliondoa lile bango ukutani. Nani alisema libaki? Kama ni wewe, njoo utuambie mimi, Chande na Mama Upendo, hapa barazani kwa mjomba wako, mchana, watu wakisikia. Kama si wewe, mtaje.